Mbuzi Aliyenyamaza

Mwalimu akaaye shamba hujifunza mengi ambayo hakufundishwa chuoni, na baadhi yake hujifunza kwa hasara ya watu wengine. Haya tunayotaka kuwasimulia wasomaji wetu mwezi huu ni ya namna hiyo. Hayahusu vitabu wala madaftari. Yahusu mbuzi, na hasa saa ile ambayo mwenye mbuzi hana budi kuacha kazi zake zote akamwite daktari wa mifugo. Saa hiyo ilipita mara moja mbele ya macho yetu, nasi hatukuitambua, na aliyelipa si sisi, bali ni mtoto mmoja na bibi yake.

Twakaa kisiwani Unguja, katika kijiji kilicho upande wa njia itokayo Mjini kwenda Chwaka. Wajuao nchi hii wajua ya kuwa magharibi ndiko kwenye udongo mzito, kwenye mikarafuu na minazi, na mashariki ndiko maweni, ambako udongo ni haba juu ya jiwe, na mkulima hupanda muhogo wake penye nafasi kati ya mawe. Ng'ombe hapati malisho mema huko. Mbuzi hustawi, kwani hula jani lililo juu ya kichaka, hupanda jiwe, wala haombi mengi. Kwa hiyo mbuzi kwetu ndiye akiba ya maskini. Atakaye kununua sare ya shule, au kumpeleka mgonjwa hospitali, hutazama kwanza kamba aliyofungwa mbuzi wake.

Katika darasa letu alikuwako kijana mmoja, umri wake yapata miaka kumi na miwili, aliyelelewa na bibi yake. Bibi yule alikuwa na mbuzi jike mmoja tu, mweupe, mwenye baka jeusi mgongoni, naye alikuwa na mimba. Kijana ndiye aliyemchunga, na shauri lilikwisha kukatwa nyumbani mwao kwamba mwana-mbuzi wa kwanza atauzwa ili apatikane viatu na madaftari ya mwaka utakaofuata.

Ikawa Jumamosi moja kwa jirani yao kuna harusi. Wanawake walikuwa wameroweka mchele katika beseni mbili kwa ajili ya mikate ya kumimina, wakaziweka kivulini uani. Mbuzi yule akakata kamba, akaingia uani asionwe na mtu, akala. Alipoonekana, beseni moja ilikuwa imepungua zaidi ya nusu. Wakamfukuza kwa upawa huku wakicheka, na mwenye mchele naye akacheka, kwani siku ya harusi watu hawapendi kugombana. Habari ikaishia hapo.

Jumapili asubuhi kijana akaja kwetu, akaamkia, kisha akasema, "Mwalimu, mbuzi wetu hacheui."

Twataka wasomaji wayaangalie maneno hayo. Hakusema mbuzi analia, wala hakusema ameanguka. Alisema hacheui. Mtoto yule, kwa kuwa alikaa na mnyama wake kila siku, aliona jambo moja dogo ambalo halikuwapo, naye akalileta kwa mtu aliyedhani kuwa ana elimu.

Tukaenda kumtazama. Alikuwa amesimama peke yake karibu na ukuta, kichwa chini, masikio yamelegea, tumbo limejaa. Tulipomkaribia hakuondoka. Tukacheka kidogo, tukasema, "Ameshiba huyu. Hata mtu akila pilau ya harusi hutaka kulala. Mwache apumzike. Kesho ofisi zitafunguliwa, na akiwa bado hivi tutampigia simu daktari." Kijana akaitika, "Ndiyo, Mwalimu." Neno la mwalimu kijijini huwa zito kuliko elimu yake, na siku ile twaliutumia uzito huo bila ya kuupima. Kisha tukavaa kanzu, tukaenda harusini.

Jioni bibi alimtuma tena mjukuu wake. Mbuzi alikuwa akiharisha maji yenye harufu ya chachu, akisaga meno, na akitembea hupepesuka kama mlevi. Mzee mmoja akashauri achinjwe upesi asije akafa kibudu, maana mnyama aliyekufa bila kuchinjwa nyama yake ni haramu. Bibi akakataa kwa sababu ya ile mimba. Akatutazama sisi. Nasi, kwa kuwa asubuhi tulikwisha kusema kesho, tukasema kesho tena. Kabla ya alfajiri mbuzi alikuwa amekufa.

Wazee waliokuja kutoa pole walisema, "Ni mbung'o huyo." Hapa tutatoka njiani kidogo, kwani usemi huu una asili yake. Zamani Unguja ilikuwa na mbung'o wa aina iitwayo Glossina austeni, akaaye katika vichaka na katika msitu wa Jozani, akiwaambukiza wanyama ugonjwa wa nagana. Tangu mwaka 1994 mbung'o madume waliolelewa Tanga na kutiwa utasa kwa mionzi walikuwa wakimwagwa juu ya kisiwa kwa ndege, majike wakapandwa nao wasizae. Mbung'o wa mwisho wa mwituni alionekana Septemba 1996, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa kimesafika. Basi mbung'o ameondoka, jina lake limebaki, na vifo vingi vya mbuzi bado hutupiwa yeye. Ni jina lifaalo sana kwa mtu asiyetaka kujiuliza jana alifanya nini.

Sisi twalijiuliza. Jumatatu, baada ya masomo, tukampigia simu daktari wa mifugo, si kwa kumwita, bali kwa kutaka kujua. Akatuuliza, "Aliacha kucheua lini?" Tukamwambia Jumapili asubuhi. "Mbona hamkunipigia Jumapili asubuhi?" Tukajibu kwamba twalidhani ofisi imefungwa. Akasema, "Ofisi ilikuwa imefungwa. Simu yangu haikufungwa."

Baadaye alikuja kijijini kwa kazi nyingine, akakaa nasi barazani, akatueleza mambo ambayo sasa twayaeleza hapa. Mbuzi ana tumbo la sehemu nne, na ile iliyo kubwa, upande wa kushoto, ni kama pipa la kuchachusha. Ndani yake wamo wadudu wadogo mno wasioonekana kwa macho, nao ndio wanaoyavunja majani. Kazi yao ni ya polepole, na mbuzi huwasaidia kwa kucheua, yaani kukirudisha chakula kinywani akakitafuna mara ya pili. Ukimpa mchele mwingi kwa mara moja, au mahindi, au unga, asiouzoea, chachu huenda mbio kupita kiasi. Tumbo hujaa tindikali. Wale wadudu wema hufa, na maji ya mwilini hutoka katika damu yakaingia tumboni, hata mnyama akawa amekauka kwa kiu huku tumbo lake linacheza kama kiriba. Kutoka pale alipokula mpaka kufa huenda ikawa siku moja, huenda ikawa mbili au tatu. Dawa ipo, na siku ya kwanza yaweza kufaa sana; ya pili mara nyingi haifai kitu. Tena akasema jambo lililotuchoma: kwa mbuzi aliyekula nafaka nyingi namna ile, haikupasa hata kungoja aache kucheua. Simu ilipasa kupigwa Jumamosi, wakati wanawake walipokuwa wakicheka.

Tukamwuliza, "Basi tutajuaje? Mbuzi hasemi." Akajibu kwamba hilo ndilo kosa letu, kumngoja mbuzi aseme. Mnyama huyu ameumbwa ili awindwe, na awindwaye huficha udhaifu wake mpaka asiweze tena kuuficha. Mbuzi alalamikaye sana aghalabu ana njaa au anamtafuta mwanawe. Yule wa kuogopwa ni aliyenyamaza: aliyejitenga na wenzake, asiyekuja aonapo majani mkononi, asiyecheua alalapo kivulini, asiyeondoka ukimsogelea.

Walakini huwezi kutambua kilichokoma ikiwa hukujua kilichokuwapo. Kwa hiyo alitufundisha kumsoma mbuzi mzima kabla ya kumsoma mgonjwa. Mbuzi mzima, akiwa amepumzika kivulini, huvuta pumzi mara 15 hata 30 kwa dakika. Hutazamwa ubavu ukipanda na kushuka. Moyo wake hupiga mara 70 hata 90, na mshipa wake hupatikana kwa vidole upande wa ndani wa paja. Joto lake, likipimwa kwa kipimajoto katika njia ya haja kubwa, ni nyuzi 38.5 hata 39.5, na mchana wa jua kali huweza kukaribia 40. Ukiweka ngumi katika kibonde kilichoko nyuma ya ubavu wa mwisho wa kushoto, utasikia tumbo likijisukuma polepole, mara moja au mbili kwa dakika. Ukiipindua kope ya chini, ndani utaona rangi nyekundu au ya waridi iliyokoza.

Sisi twalikuwa tukidhani homa ndiyo ya kuogopwa peke yake. Kweli, joto likipita 40.5 kivulini, pana jambo. Lakini daktari alisema yeye huogopa zaidi mbuzi aliyelala, asiyeweza kusimama, ambaye kipimajoto chasema 37, na masikio na miguu yake ni baridi. Huyo mwili wake umeanza kukata tamaa, wala hangoji jogoo awike.

Na ile kope tuliyoitaja ni kitabu kizima. Baada ya masika, majani yakiwa mabichi, minyoo inyonyayo damu tumboni huongezeka sana, na mbuzi mdogo huweza kupoteza damu yake pasipo kutoa hata tone nje. Kope ikiwa nyeupe kama karatasi, na chini ya taya pametokea uvimbe laini kama mfuko wa maji, mwite daktari siku ile ile. Huyo huenda anaanguka kesho akifukuzwa tu na mtoto.

Twalitaka kumlipa bibi yule. Tulipopata mshahara tukaenda kwake, tukamwambia kwamba twataka kumnunulia mtamba. Alikaa kimya, akiendelea kusuka ukili wake, kisha akasema, "Mwalimu, mwanangu, wewe hukuniua mbuzi. Mbuzi alikula mchele. Lakini huyu mjukuu wangu tangu siku ile hasemi kitu akiona kitu. Jana paka ameiba samaki mbele yake, naye amenyamaza." Maneno haya yalituumiza kuliko kama angalitutukana. Mtoto aliona, akasema, akaambiwa na mkubwa kwamba alichokiona si kitu. Kisha kikawa kitu. Ndipo akajifunza kunyamaza, na mafundisho hayo aliyapata kwetu.

Tukanunua mtamba hata hivyo, mweusi, na bibi akakubali baada ya siku nyingi. Tukamwambia kijana, "Huyu tutamsoma pamoja." Kila asubuhi kabla ya kengele alihesabu pumzi zake, akaja akaiandika hesabu kwa chaki nyuma ya mlango wa darasa. Mwanzo alikuwa akiandika tu, bila ya kusema. Hatukumshurutisha.

Mwaka ule ule, siku chache kabla ya Sikukuu ya Mfunguo Tatu, twalikwenda Mjini kwa dada yetu, aliyeolewa Mji Mkongwe. Nyumba yao iko katika kichochoro karibu na Mkunazini, kichochoro ambacho watu wawili wakikutana na mizigo mmoja hana budi kurudi nyuma. Uani, chini ya ngazi, shemeji yetu alikuwa amemfunga mbuzi wa kuchinja siku ya Idi, dume aliyehasiwa tangu mdogo ili anenepe. Watoto wa nyumba zote za jirani walikuwa rafiki zake. Alilishwa pumba asubuhi na jioni, na maganda ya mikate, na chapati zilizobaki. Majani ni tabu kupatikana Mjini, basi aliyapata kwa nadra.

Shemeji akatwambia, "Afadhali umekuja, wewe mtu wa shamba. Huyu ana choo kigumu. Tangu alfajiri anajikamua, nimemnywesha mafuta ya nazi." Tukamtazama. Alisimama amejinyoosha, miguu ya nyuma ameirudisha mbali, mkia ukitikisika, akijikamua na kugugumia, kisha hugeuka akalitazama tumbo lake. Lakini kinyesi chake kilikuwa chini hapo, kizuri, kama shanga. Kisichokuwapo ni maji. Sakafu ya saruji ilikuwa kavu, na nywele zilizo kwenye tundu la mkojo zilikuwa kavu, zina chembe ndogo kama chumvi.

Ingalikuwa mwaka mmoja kabla, tungalisema pia kwamba ni choo kigumu, tukapanda juu kunywa kahawa. Safari hii tukaomba simu pale pale, tumesimama uani. Daktari mmoja wa Mjini akaja kabla ya saa moja kwisha. Akatueleza kwamba dume aliyehasiwa mapema njia yake ya mkojo huwa nyembamba, na pumba na nafaka nyingi pasipo majani wala maji ya kutosha hufanya vijiwe. Kwenye ncha ya uume wa mbuzi pana kijikia chembamba kama uzi, na mara nyingi kijiwe hunasa hapo. Akakikata kijikia kile baada ya kumpoza, na mkojo ukatoka, kwanza matone, kisha ukamwagika hata watoto wakapiga makofi. Akaonya kwamba si kila mbuzi hupona kwa urahisi huo. Vijiwe vingine hunasa juu zaidi, na hapo huwa ni kazi ya kupasua, au ni mauti.

Tulimwuliza ingalikuwaje kama tungalingoja mpaka asubuhi. Jibu lake hatujalisahau. Alisema, "Usiku angetulia. Mngeamka mkamkuta hajikamui tena, mkafurahi, mkasema mafuta ya nazi yamefanya kazi." Maana kibofu kikijaa kupita kiasi hupasuka, na kikipasuka maumivu yale ya kujikamua huondoka. Mnyama hutulia siku moja au mbili, na mkojo unamwagika ndani ya tumbo, kisha hufa. Kwa hiyo mgonjwa aliyetulia bila ya kuonekana alichokifanya ili apone, bila ya kula, bila ya kucheua, asihesabiwe kuwa amepona.

Mbuzi yule hakuchinjwa Idi ile. Aliyetiwa dawa haliwi mpaka zipite siku alizozitaja daktari, na mgonjwa hafai kwa kuchinjwa siku ile. Shemeji alinung'unika, akaenda kununua mwingine, na watoto wakafurahi mno kwa sababu ambazo msomaji anaweza kuzikisia.

Yako na mengine yasiyongoja, nasi tutayapitia upesi. Kuvimba kwa hewa, tumbo la kushoto likipanda juu na kulia kama ngoma likigongwa kwa kidole, huua kwa saa chache, maana huyasonga mapafu. Huyo asimamishwe sehemu za mbele zikiwa juu kilimani, na simu ipigwe huku wengine wakimtembeza. Majani na maganda ya muhogo, hasa ule mchungu, yana sumu ambayo humfanya mbuzi ahangaike kutafuta pumzi kabla hata hajaondoka shambani; kwetu maweni jambo hili si geni, na dawa yake ni ya sindano, tena ya dakika si ya saa. Mbuzi asiyeweza kumeza asimiminiwe kitu chochote kinywani, wala mafuta wala chai wala dawa ya mitishamba, kwani huingia mapafuni. Mbuzi aliyebadilika sauti, anayetoka mate, akawa mkali au mpumbavu, na hasa ikiwa aliumwa na mbwa, asitiwe mkono kinywani kutafutwa mwiba: huenda ni kichaa cha mbwa, na hicho huua watu. Na mnyama aliyekutwa amekufa ghafula, damu nyeusi isiyoganda inamtoka puani au nyuma, asichunwe, asipasuliwe, hata kama mbwa wana njaa. Huenda ni kimeta, na kisu ndicho kinachokisambaza.

Pia yako magonjwa ambayo daktari huitwa si kwa mbuzi mmoja bali kwa kijiji. Wakiwa wawili au watatu kwa siku chache wana homa, machozi na kamasi nzito, vidonda kinywani, kuhara na kukohoa, yamkini ni sotoka ya mbuzi na kondoo. Ugonjwa huu ulithibitishwa Tanzania Bara mwaka 2008, na wanyama wengi huletwa visiwani kutoka bara. Haumpati mwanadamu, lakini waweza kumaliza zizi. Sotoka ya ng'ombe ilitangazwa mwaka 2011 kuwa imekwisha duniani kote, na mataifa yametia nia ya kuimaliza hii ya mbuzi pia ifikapo mwaka 2030. Chanjo ipo. Mwenye kuficha mbuzi wake wagonjwa kwa kuogopa maneno ya majirani huwafanyia jirani hao ubaya mkubwa kuliko maneno yao.

Sasa turudi kwa yule mtamba mweusi. Mwaka wa pili alipata mimba, na mimba ya mbuzi ni siku 150 au karibu na hapo, basi kijana alizihesabu zote mlangoni kwa chaki, mpaka mfagizi akalalamika. Tulikwisha kumweleza yaliyo sawa: kwamba mfuko wa maji ukipasuka, na mama akaanza kusukuma kwa nguvu, huonekana kwato mbili za mbele na pua katikati yake, kama mtu anayepiga mbizi; na kwamba akisukuma kwa nguvu nusu saa pasipo kuonekana kitu, au kikaonekana kisicho sawa, hapana kungoja.

Usiku mmoja wa kusi, mvua za rasharasha zikinyesha, mlango wetu ukabishwa hodi. Alikuwa kijana, amelowa, ana taa mkononi. Hakuamkia. Akasema, "Mwalimu, maji yamepasuka saa mbili na robo. Amesukuma kwa nguvu tangu hapo. Sasa ni saa tatu kasorobo. Naona pua na mguu mmoja." Tukaanza kuuliza kama ana hakika kwamba ni mguu mmoja, kwani ulimi wa mwalimu haukosi kuuliza. Akatukata maneno, jambo ambalo hakulifanya hata siku moja tangu tumjue. Akasema, "Mwalimu, sikuja kuuliza. Naomba simu."

Tukampa. Akazungumza na daktari mwenyewe, akayasema yale yale, saa na dakika, nasi tukasimama kando tumeshika taa yake. Daktari akamwambia asivute, amwache mama amelala mahali pakavu, na mtu anawe mikono kwa sabuni angoje. Akafika kwa pikipiki, matope mpaka magotini. Mguu wa pili wa mtoto ulikuwa umekunjwa nyuma. Akapaka mafuta, akamrudisha mtoto ndani kidogo mama alipopumzika, akautafuta mguu kwa vidole viwili, akaufunika ukwato kwa kiganja usichane, akaunyoosha. Bibi alishika kichwa cha mbuzi, akimwambia maneno ya kumbembeleza kama mkunga. Mtoto akatoka kimya, mlegevu. Daktari akamfuta pua, akamsugua kwa kitambaa cha gunia, akampa kijana aendelee. Tukasikia kupiga chafya.

Robo saa baadaye akatoka wa pili bila msaada wa mtu.

Daktari alipokuwa akinawa, akamwuliza kijana ni nani aliyemfundisha kuangalia saa maji yalipopasuka. Kijana hakujibu. Alikuwa amepiga magoti penye majani makavu, mkono mmoja ubavuni mwa yule mtoto wa kwanza, midomo ikichezacheza. Tukadhani hakusikia, tukarudia swali.

"Ngojeni kwanza," akasema, "mtanipotezea hesabu."